Pikipiki, Kona na Jerikeni la Maji

Katika kota za askari ambamo nimekaa miaka mingi ilikuwa vigumu kuona mlango usio na pikipiki iliyoegemezwa ukutani. Moja ni ya askari wa trafiki, nyingine ya mwuguzi, nyingine ya kijana aliyemaliza shule, akakosa kazi, akaingia katika boda boda. Shughuli hiyo wazee wetu waliianza kwa baiskeli kule Busia, wakivusha watu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, na leo nyumba nyingi za Uganda hupata chakula kwayo. Lakini waulize wenye pikipiki hizo walijifunzia wapi kukata kona, nao watakucheka. Aghalabu mtu alisukumwa na rafikiye katika njia ya shambani, akaonyeshwa kuwasha, kutia gia na kusimama. Kesho yake yumo barabarani na abiria nyuma. Habari za kona aliachiwa azivumbue mwenyewe, huku roho ya mtu mwingine ikiwa mgongoni pake.

Mimi nilijifunza jambo hilo kwa muda wa miezi minne mwaka 2019, wala si kwa kupenda michezo. Ni mtumishi wa Serikali. Nilisomea ualimu, nikapata cheti, nikashika chaki miaka sita kabla ya kuhamishiwa katika kazi ya ukaguzi wa shule. Mwezi wa Agosti mwaka huo nilipokea barua ya uhamisho: kuanzia Januari 2020 kituo changu ni Kapchorwa, na kwa kuwa shule za kule zimetawanyika milimani, nitapewa pikipiki yenye injini ya sentimita za ujazo 125.

Anayeijua barabara ya kutoka Mbale kupanda Kapchorwa kwa njia ya Sipi hahitaji kuelezwa zaidi. Lami yake ni nzuri. Ila upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde, na barabara yenyewe hujikunja na kujikunjua huku malori yakiteremka na mizigo ya mahindi. Ukiiacha lami kuelekea mashuleni, wakutana na udongo ambao mvua ikinyesha hugeuka sabuni.

Mume wangu wakati huo alikuwa Mogadishu, miongoni mwa wanajeshi ambao nchi yetu ilianza kuwapeleka Somalia mwaka 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Nilipomsomea barua ile kwa simu alinyamaza hata nikadhani pesa za simu zimekwisha.

"Mama," alisema hatimaye, "mimi huku nakaa na mabomu. Watoto wana mzazi mmoja aliye mahali pa salama. Sasa na huyo naye aende kwenye kona za Sipi?"

"Baba, mshahara wa barua hii ndiyo karo ya mwaka ujao," nikamjibu. "Tena jina lililoandikwa ni langu."

Tulipatana baada ya siku nne. Ningekwenda, lakini binti yetu asipande nyuma yangu hata hatua moja mpaka Afande atamke kwa kinywa chake kwamba naweza kumbeba. Sharti hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Kaka yake yuko bweni. Nyumba niliyoahidiwa Kapchorwa ilikuwa mbali na shule. Nisipomchukua mimi, ama atachukuliwa kila siku na kijana wa boda boda nisiyemjua, ama atabaki Kampala kwa bibi yake, na hivyo watu wanne wa nyumba moja wakae mahali pane.

Afande huyo alikuwa jirani yetu, mlango wa tatu kutoka kwetu. Alistaafu baada ya miaka mingi katika trafiki, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimaliza juu ya pikipiki za kutangulia misafara. Nilimkuta akipiga pasi mashati yake. Alinisikiliza bila kuinua macho.

"Mwalimu," akasema, "watoto uliwaanzisha kusoma kwa gazeti?"

"La, Afande. Kwa herufi."

"Basi barabara ni gazeti. Njoo kwanza kwenye herufi."

Herufi zetu zilikuwa katika uwanja wa kuegesha magari wa ofisi moja mjini. Siku za kazi hapo hapapatikani hata nafasi ya kuweka mkokoteni, na Jumapili asubuhi hubaki korongo wachache juu ya nguzo za taa. Niliandika barua ya kuomba ruhusa, ikagongwa muhuri, nikampa mlinzi nakala. Mtumishi wa Serikali hawezi kuingia hata katika uwanja mtupu bila karatasi. Tulikuwa tukifika saa moja na kuondoka saa tatu. Pikipiki niliazimwa na mwenzangu wa ofisini, ya aina ile ile niliyoahidiwa. Kazi ya kwanza ilikuwa kufagia. Jambo hili watu hulidharau, lakini mahali magari yanapolala pana matone ya mafuta katikati ya kila nafasi, chini ya injini, na changarawe pembeni. Vyote viwili huangusha pikipiki iliyolala katika kona. Binti yangu alipewa cheo cha kusimamia alama: chupa za plastiki za maji ya kunywa, tulizozitia mchanga kidogo zisipeperuke. Ukizigonga hazikuumizi, nawe wajua kwamba umegonga.

Nilivaa suruali ngumu, buti za kufunika kifundo cha mguu, glavu na kofia ngumu iliyofungwa kidevuni. Uwanja mtupu hauna malori, lakini saruji yake ni ngumu kama ya barabarani.

Jumapili ya kwanza sikuwasha injini. Afande alinitaka niisukume pikipiki kwa mkono, kuzunguka kulia na kuzunguka kushoto, nikiegemeza kiuno changu kwenye tangi, hadi nikajua ni wapi hasa uzito wake wa zaidi ya kilo mia moja unapoanza kunishinda. Jumapili ya pili tulishindana kwa uvivu. Mtoto alitembea kwa miguu kutoka mstari hadi mstari, nami nikaenda sambamba naye juu ya pikipiki, na mshindi ni atakayefika wa mwisho bila kusimama. Alinishinda wiki mbili mfululizo. Siri ya mwendo huo iko katika mkono wa kushoto: klachi haifungwi wala haiachiwi, hushikwa nusu, mkono wa kulia hutoa mafuta kidogo yasiyobadilika, na mguu wa kulia hugusa breki ya nyuma kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala. Hapo injini huvuta, breki huzuia, na pikipiki husimama wima kwa mwendo wa kinyonga. Breki ya mbele haina kazi hapo. Ikibanwa usukani ukiwa umepinda, gurudumu la mbele husimama ghafula na pikipiki hudondoka upande ule ule.

Kisha tukaja kwenye kugeuka. Mistari ya kuegesha magari ilikuwa rula yetu: nafasi moja ya gari ina upana wa karibu meta mbili na nusu. Nilianza kugeuka ndani ya nafasi nne, ambazo ni kama meta 10, nikashuka hadi tatu, na Oktoba nikawa nageuka ndani ya mbili, yaani meta 5. Usukani hupindwa mpaka mwisho, pikipiki hulazwa ndani ya kona, na mwili wa mwendeshaji hubaki wima, ukiegemea kidogo upande wa nje ili kusawazisha. Lakini yote hayo ni bure ikiwa macho yanatazama chini. Afande alisimama kila mara mahali nilipotakiwa kutokea, akainua kitambaa chekundu, akaniuliza ameinua vidole vingapi vya mkono wa pili. Nisipojua, nilirudia. Jicho likikaza kwenye chupa, gurudumu huiendea chupa. Likikaza kwenye shimo, huliendea shimo. Nashuku kwamba wengi wa wale wanaoruka bondeni njia ikiwa pana walikuwa wakilitazama bonde.

Niwaeleze pia habari ya breki ya mbele, maana imezungukwa na uvumi. Katika kota zetu kila kijana nimsikiaye husema breki ya mbele humtupa mtu kichwa mbele, kwa hiyo yeye hutumia ya nyuma tu. Ukweli ni kwamba katika lami kavu breki ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu pikipiki inapopunguza mwendo uzito wote hukimbilia mbele na tairi ya nyuma hubaki nyepesi. Breki ya nyuma peke yake hukufikisha mbali kuliko ulivyokusudia, na ukiikanyaga kwa nguvu gurudumu hukwama na kuanza kuyumba. Kinachomtupa mtu ni kuinyaka ile ya mbele kwa pupa. Inabanwa kama chungwa linavyokamuliwa: pole, kisha zaidi, kisha zaidi, pikipiki ikiwa imenyooka. Tulifanya zoezi hili kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa, ambao ni meta 8 kwa kila sekunde. Mtoto alichora kwa chaki mahali niliposimama kila mara, na mistari yake ilisogea nyuma mwezi mzima.

Somo lililonishangaza kuliko yote lilikuwa la mwendo wa kasi kidogo. Hapo usukani hauzungushwi tena kama wa gari. Ukitaka kwenda kulia, wausukuma mbele kwa upole mkono wa kulia wa usukani. Gurudumu laelekea kushoto kwa nukta moja, na pikipiki yote hulala kulia. Nilibisha. Afande akaniambia nijaribu, nami nikaona kwa macho yangu. Baadaye nilisoma kwamba Wilbur Wright, fundi wa baiskeli kule Dayton, Marekani, ambaye pamoja na nduguye walirusha eropleni mwaka 1903, alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo katika baiskeli, na kwamba waendeshaji aliowauliza jinsi wanavyokata kona hawakujua wafanyalo. Mwili hujua, mdomo haujui. Lakini siku ya hatari, mtu asiyejua kwa akili huvuta badala ya kusukuma, na pikipiki hunyooka na kuendelea mbele kule kule asikotaka.

Novemba lilikuja jerikeni.

Ni lile la kawaida la lita 20, la manjano, lililo katika kila jiko. Likijaa maji ni kilo 20. Afande alilifunga kwenye kikalio cha mizigo kwa vipande vya mpira wa tairi, akakitupa kifuniko mfukoni mwake. Kwanza alilijaza nusu, kwa sababu maji nusu ndiyo yenye fujo: pikipiki imekwisha kugeuka, yenyewe bado yaenda, nawe wasikia kama mtu anakusukuma mgongoni. Kisha alilijaza mpaka shingoni, akatoa mtihani: nane kumi mfululizo kuzunguka chupa, mguu usiguse chini, na maji yatakayomwagika yasizidi kikombe kimoja.

Basi mjue, ndugu zangu, kwamba kona haimwagi maji. Pikipiki ikilala kwa kipimo kinachofaa mwendo wake, maji hulala pamoja nayo, wala hayana habari kama kuna kona. Kinachoyamwaga ni breki ya kushtukiza, klachi iliyoachiwa kwa kishindo, mafuta yaliyofunguliwa kwa hasira. Nami hapo nilijikuta katika jambo nilijualo. Nilikuwa msichana wa kijijini. Nimechota maji na kuyabeba kichwani kilometa nyingi, juu ya njia zenye mawe, nikizungumza na wenzangu. Shingo ya mchota maji haipigani na mtungi. Hupunguza mwendo kabla ya mteremko, si katikati yake. Huona jiwe mapema. Haigeuki ghafula hata ikiitwa kwa jina. Nilipoacha kufikiri habari za mashine na kufikiri habari za mtungi, mabega yangu yalilegea, na zile nane zikaanza kuunganika.

Afande aliyasikia maelezo hayo akatikisa kichwa. "Miaka yote niliyofundisha makuruta," akasema, "hakuna aliyewahi kuchota maji."

Tarehe 8 Desemba nilimaliza kumi. Mtoto akapima yaliyomwagika. Hayakufika nusu kikombe. Nilidhani kazi imekwisha, lakini Afande alipanda nyuma yangu yeye mwenyewe, na kilo zake ni zaidi ya 80, akawa abiria mbaya kwa makusudi: mara akaegemea nje ya kona, mara akageuka kutazama korongo, mara akakaa upande mmoja kama mama aliyevaa gomesi. Mkao huo twauona kila siku Kampala. Miguu yote iko upande mmoja na uzito wote umeelekea huko, hivyo pikipiki hutaka kwenda upande huo hata njia iliponyooka, na katika kona ya upande wa pili yataka kulazwa zaidi ili igeuke vile vile. Tena nguo pana ikiachiwa huweza kuingia katika mnyororo. Siwalaumu mama zetu, nguo ni ya heshima. Ila dereva anayembeba mama aliyekaa hivyo yampasa akate kona kwa mwendo wa jerikeni lisilo na kifuniko.

Uwanja mtupu una mipaka yake. Haukufundishi lori, wala tope, wala ukungu. Zaidi ya yote, katika uwanja mwisho wa kona waonekana. Kule mlimani hauonekani. Jumapili za mwisho Afande alipuliza filimbi nikiwa katikati ya kona, ili nizoee kuinyoosha pikipiki kwanza na kisha kufunga breki, na alinieleza kanuni ya kutazama pale kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana. Mahali hapo pakikukimbia, kona inafunguka. Pakikusubiri, kona inakaza, nawe upunguze. Mwendo wako usizidi ule unaokuwezesha kusimama katika njia unayoiona. Na kasi ikizidishwa mara mbili, kona ile ile hukuvuta nje kwa nguvu mara nne. Si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Vijana husema kona ya kushoto huingiwa kutoka karibu na mstari wa katikati ili uone mbali. Ni kweli katika vitabu. Kule Sipi, ambako lori linaloteremka laweza kuuvuka mstari huo, mimi huacha kuona mbali nikapunguza mwendo na kubaki upande wangu.

Jioni ya Jumapili ya mwisho Afande aliomba simu, akampigia mume wangu. Hawakuzungumza sana. Nilisikia tu, "Mpeleke. Anaweza."

Binti yangu alipanda nyuma yangu mwezi wa Februari 2020, amevaa kofia ngumu ya saizi yake, miguu ikifika vizuri kwenye vikanyagio, mikono kiunoni mwangu. Tulikwenda hivyo hadi tarehe 20 Machi, shule zote za nchi zilipofungwa kwa sababu ya korona. Zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022. Katika muda huo ukaguzi haukuwapo, lakini karatasi za masomo ya nyumbani zilipaswa kufika vijijini, na pikipiki ikawa punda wa karatasi. Furushi la karatasi ni zito kuliko jerikeni, ila lina tabia njema: halichezi.

Mume wangu alikuja likizo mwaka 2021. Nilimpokea Mbale. Alitazama pikipiki, akatazama begi lake la kijeshi, akafunga kofia bila neno. Tulipoanza kupanda alishika kikalio cha mizigo kwa mikono miwili, na nikamsikia akikaza kila tulipokaribia kona, kama mtu anayesubiri mlio. Baada ya kona ya nne au ya tano mikono ilihama ikaja mabegani pangu. Sipi tulisimama kununua mahindi ya kuchoma. Alikula nusu ya gunzi akiitazama barabara tuliyopanda, kisha akaniuliza kama uwanja wa shule ya kwetu huwa mtupu Jumapili, na kama nyumbani kuna jerikeni lisilovuja.